Orioni Haina Kashe

Kabla hujaendelea kusikia habari hii kwa watu wa Kamembe ambao hawakuwepo, isikie kwangu. Huko sokoni wanasema niliwafungia maprofesa mlango. Mlango wa cyber ya Shadia haujawahi kufungika tangu ujengwe, na maprofesa wale walikuja kwa miguu yao. Wengine wanasema nilipiga kelele. Hapo sitabisha, nilipiga.

Jina langu ni Béata, mwalimu wa fizikia. Nilizaliwa Kadutu, Bukavu, na wazazi Wanyarwanda waliokimbilia Kongo kabla sijawaziwa. Nikasoma huko, nikaingia chuo huko, nikamaliza masomo yote, ikabaki memoire tu, yaani kile kitabu cha utafiti ambacho mwanafunzi anaandika mwishoni, kisha anakitetea mbele ya jopo la walimu. Mwaka 1996 vita vikaingia Bukavu kabla sijatetea chochote. Nikavuka mto Rusizi na nguo nilizovaa, nikafika Rwanda, nchi niliyoambiwa maisha yangu yote kuwa ni yetu. Kule Kadutu nilikuwa Mnyarwanda. Huku Kamembe nikawa Mzairwa, mtu wa Zaire. Unazoea, lakini usiniambie nizoee nikicheka.

Kwa miaka nane nilifundisha bila diploma na hakuna aliyelalamika, kwa sababu walimu wa fizikia hawaoti kwenye mashamba ya Rwimbogo pamoja na maharagwe. Halafu mkurugenzi wa shule akatuita ofisini. Kuanzia muhula ujao, akasema, asiye na diploma ya chuo hafundishi tena madarasa ya juu. Atapelekwa shule ya msingi, kama nafasi ipo. Alisema huku akinitazama mimi, kwa kuwa wengine wote walikuwa nazo.

Basi nikaandika upya memoire yangu. Mwalimu wangu wa zamani, Profesa Muderhwa, alikuwa bado hai na bado mkali, na chuo kilikuwa kimewaruhusu wanafunzi waliokatizwa na vita warudi kutetea. Tulipangiwa siku mwanzoni mwa Juni 2004. Nilishona kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo. Siku chache kabla, Bukavu ikaanza tena kulia risasi.

Ungesimama Cyangugu karibu na mpaka ungeona watu wakivuka daraja na magodoro kichwani, na sufuria, na mtoto mgongoni, na mwingine ameshika rimoti ya televisheni peke yake, televisheni yenyewe imebaki. Kati ya waliovuka alikuwemo Profesa Muderhwa, ambaye mke wake ana ndugu Kamembe. Na alikuwemo pia Profesa Ntabaza, rais wa jopo langu, mtu mrefu wa miwani minene, ambaye alipewa chumba kwa mapadri.

Nilipopata habari hiyo sikulia wala kushukuru. Nilisema: jopo limevuka, mimi nipo, memoire ipo. Tutatetea hapa.

Nilikwenda kwa mapadri asubuhi na kitabu changu kwapani. Nilimkuta Ntabaza kwenye baraza, ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti la mtu mfupi kuliko yeye. Muderhwa alikuwa naye. Nikawaeleza.

Ntabaza alinigeukia.

"Maman," akasema, "batu banakufa kule. Miye askari balibeba kila kitu mu nyumba yangu. Balibeba hata mulango ya frigo. Na weye unakuya kuniambia mambo ya nyota?"

"Ndiyo, Profesa. Kama tungengoja batu baache kufa, mu Kivu hakuna muntu angekuwa na diplome hata moja."

Muderhwa alikohoa. Ndivyo anavyocheka akiwa mbele ya wakubwa.

Ntabaza akachukua kitabu, akakifungua katikati. Sitasema kuwa hakujua kazi yake. Alisoma haraka, kidole kikishuka na mistari. Kazi yangu ilihusu wingu la gesi lililo kwenye kundi la nyota la Orioni, pale nyota zinapozaliwa. Kuna nyota changa huko zinazotema gesi kama maji yanavyoruka kwenye bomba lililotoboka. Nilichukua picha mbili za sehemu ile ile, zilizopigwa kwa miaka tofauti na darubini iliyo angani, nikapima kifundo kimoja cha gesi kimesogea kiasi gani kati ya picha ya kwanza na ya pili. Kwa hesabu hiyo unajua kinakimbia kwa mwendo gani. Si kazi ya kushangaza dunia. Lakini ilikuwa yangu, kila namba.

"Hizi picha ulizitoa wapi?"

"Kwenye hifadhi ya picha za darubini yenyewe. Iko kwenye mtandao."

"Nani alikupa autorisation?"

Hapo nikajua tumeingia kwenye matope. Mtu asiye wa huku lazima aelewe kitu kimoja. Kwetu, pande zote mbili za mto, hufanyi jambo bila ruhusa, na ruhusa si ruhusa bila kashe, yaani muhuri. Ukitaka kuuza ng'ombe, kashe. Ukitaka kumzika mama yako alikozaliwa, kashe. Ukitaka kuthibitisha kuwa uko hai, unakwenda ofisini ukiwa hai, na watakuambia uende kwanza ukatafute kashe. Mimi mwenyewe sikuwa tofauti. Kabla sijagusa hifadhi ile, niliwaandikia wenyewe barua ya kuomba ruhusa, nikaambatisha barua ya shule, ya kata na ya wilaya, zote zina mihuri ya rangi mbili. Walijibu mistari miwili. Walisema asante, na kwamba picha zikishapita mwaka mmoja tangu zipigwe ni za watu wote, na kwamba ukurasa wa kutafutia ni huu hapa. Basi. Nilikaa na mistari ile miwili nikajiona mjinga, halafu nikafurahi sana.

Nilimwonyesha Ntabaza karatasi ya jibu lile. Aliisoma. Akaigeuza kuona kama kashe imepigwa upande wa nyuma.

"Hii si kitu," akasema. "Bon. Ni vile. Unatoa hii chapitre ya picha. Unabakiza theorie, ile ya mbele, ni nzuri. Nakupatia satisfaction, pointi ya kupita tu, unaenda kufundisha batoto, na miye naenda kulala. Juu ya nini unataka kujichosha?"

Usidhani sikufikiri. Nilifikiri. Pale pale kwenye baraza nilimwona mkurugenzi wangu akiipokea diploma, nikajiona darasani Septemba. Nilichotakiwa kufanya ni kuchana kurasa za katikati. Lakini kurasa za mbele nilikuwa nimezitoa kwenye vitabu vya watu, kama kila mwanafunzi anavyofanya, na zile za katikati ndizo nilizozifanya kwa macho yangu. Alikuwa ananiambia nitupe nyama nile mfupa, kisha nimshukuru.

"Sitoi hata ukurasa mmoja," nikasema.

"Basi lete autorisation iko na kashe. Ao hakuna defense."

Alipokwisha kusema hivyo alivua miwani akafuta kioo kwa pindo la koti la kuazima, na ikabidi arudie mara tatu. Niliona. Sikumhurumia siku ile.

Nikaenda moja kwa moja kwa Shadia. Shadia ana cyber Kamembe, chumba kimoja chenye kompyuta nne, kimeshikana na kibanda cha mume wake Mbarushimana, ambaye anachonga mihuri. Ni ukoo wa mafundi hao: baba alikuwa fundi saa, babu fundi cherehani. Nilipowasimulia, Mbarushimana aliinua kisu chake cha kuchongea kabla sijamaliza.

"Dada Béata, kwani hiyo ni shida? Darubini nakuchongea muhuri yake leo leo. Naweka nyota pembeni, naweka na ndege moja mukubwa hapa katikati. Hata benye darubini benyewe batauliza tuliuchukua wapi."

"Hapana, Mbarushimana."

"Naweka na maandishi ya kizungu."

"Hapana."

"Hapana juu ya nini?" Shadia aliuliza toka upande wa pili. "Maprofesa bako nataka kashe, upatie beye kashe. Kila muntu hapa anafanya."

"Kwa sababu kazi yangu ni ya kweli!" Hapo ndipo nilipopiga kelele, na wateja wote waligeuka. "Nikiiwekea kashe ya uongo, itakuwa ya uongo yote. Watasema na picha nilichongewa na wewe!"

Mbarushimana aliweka kisu chini. Nadhani alikuwa ameshampenda yule ndege wake. Shadia alinitazama, akakunja midomo, akasema, "Basi balete hapa. Baone na macho."

Ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa na akili ya kufikiria hivyo mimi. Nilirudi kwa mapadri siku hiyo hiyo, nikamwambia Ntabaza kwamba kashe sina na sitakuwa nayo, kwa kuwa haipo duniani, lakini kama yeye ni mtu wa sayansi aje aketi mbele ya hifadhi yenyewe atafute kwa mkono wake. Akipata kilichomo kwenye kitabu changu, nitetee. Asipokipata, nitachana kitabu chote, si kurasa za katikati tu.

"Chote?" Muderhwa aliuliza. Uso wake ulionyesha kuwa amekwishajuta kunijua.

"Chote."

Ntabaza alikubali. Nafikiri alikubali kwa sababu alikuwa amechoka kukaa kwenye kiti kile cha plastiki akihesabu milio ya ng'ambo.

Walikuja keshoye, asubuhi kabla ya joto. Nilivaa kile kitenge. Mjumbe wa tatu wa jopo alikuwa amebaki Bukavu, chini ya kitanda chake kwa maelezo yake mwenyewe, lakini simu za Rwanda zinafika kule, naye akasema kwa simu kwamba atakubali watakachoamua wenzake. Shadia aliwatoa wateja wote, akafagia, akawawekea maprofesa viti vya mbao na chupa ya chai. Mbarushimana aliacha mihuri akaja kusimama mlangoni.

Ntabaza aliketi mbele ya kompyuta. Nilipotaka kukaa pembeni yake akanizuia.

"Weye kaa kule mbali. Kwa mulango. Na macho inje. Sitaki uchawi."

Nikakaa mlangoni, mgongo kwao, uso barabarani. Kitabu changu alikuwa nacho yeye. Kwa kuwa hakuwa amezoea kibodi, alimwita Shadia aandike. Na kwa kuwa Shadia hajui Kifaransa, Profesa alikuwa anasoma kwenye kitabu changu kimya kimya kisha anamtamkia kwa Kiswahili.

Nilijua ukurasa ule bila kuuona, kama unavyojua jiko la kwenu. Juu kuna kisanduku cha jina la kitu unachotafuta. Chini yake kuna visanduku vya mahali: kimoja cha upande wa mashariki na magharibi ya anga, kingine cha kaskazini na kusini. Halafu upana wa sehemu unayotaka kuitazama. Halafu kitufe cha kutafuta. Wengi wanaandika jina tu, lakini Ntabaza hakutaka jina.

"Jina kila muntu anaweza kuandika," alisema. "Tunatia mahali yenyewe, kama muntu wa kazi. Maman, andika. Fasi ya kwanza: saa tano, na dakika makumi tatu na tano."

Kibodi ikalia.

"Fasi ya pili: kusini, digrii tano, dakika makumi mbili na tatu."

Ikalia tena.

"Finya."

Mtandao wa Kamembe wakati ule ulikuwa unakupa muda wa kusali. Nilitazama barabara. Mwanamke mmoja alipita na kuku wawili miguu juu, kuku wametulia kabisa. Nilisikia Muderhwa akipuliza chai. Kisha nikasikia Shadia akisema polepole, "Imeandika... haikupata kitu."

"Soma tena," Muderhwa akasema.

"Hakuna kitu. Sifuri."

Kiti cha Ntabaza kilisukumwa nyuma.

"Voila!" Sauti yake ilikuwa na furaha, na furaha hiyo iliniuma kuliko maneno. "Voila! Hakuna picha! Hakuna kitu! Miaka nane anadanganya batu! Nilijua. Mbele ya kuona nilijua. Banyarwanda ni bale bale, banabeba vya batu halafu banasema ni vyabo!"

Mbarushimana alitazama chini. Muderhwa akaendelea kupuliza chai yake, na hilo nalo nililisikia. Kitabu chote, nilikuwa nimesema. Nikaona mikono yangu mwenyewe imeanza kukunja pindo la kitenge. Na hapo ndipo nilipoelewa.

Nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka hadi Mbarushimana akarudi nyuma hatua moja.

"Shadia," nikasema bila kugeuka, "pale mwanzo umeandika namba gani?"

"Kumi na moja. Na makumi tatu na tano."

"Juu ya nini kumi na moja?"

"Si alisema saa tano?" Shadia alikuwa ameudhika. "Saa tano si njo kumi na moja? Hata pale kwa mulango niliandika nafungua saa mbili, na Bazungu nabaandikia nane. Miye sijui kusoma saa?"

Dakika hiyo ninaipenda mpaka leo.

Nitakueleza, ingawa huenda umeshaelewa. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa moja yetu ni saba ya Mzungu, na saa tano yetu ni kumi na moja yake. Mtoto wa hapa anafanya ubadilishaji huo hata akiwa usingizini. Sasa, wanaastronomia nao wameligawa anga kwa saa, ishirini na nne kuzunguka lote, na kwao tano ni tano. Ukimtamkia mtu wa Kamembe saa tano, mkono wake unaandika kumi na moja kabla kichwa hakijaulizwa. Ntabaza alikuwa ameutuma ukurasa ule upande mwingine kabisa wa mbingu, kwenye giza ambako hakuna aliyewahi kuelekeza darubini ile.

Nikasimama, nikageuka. Sikuomba ruhusa ya kugeuka.

"Profesa, nilipotea pale pale ulipopotea wewe," nikasema, na sasa nilisema kwa Kiswahili cha shuleni ili asije akasema hakusikia. "Profesa Muderhwa alinitajia mahali pale kwa simu, kwa Kiswahili, mara ya kwanza kabisa. Saa tano, akasema. Niliandika kumi na moja. Masika yote nilikuwa nakuja hapa, naambiwa hakuna kitu. Niliitukana mashine hii, niliitukana na darubini. Muulize Shadia."

"Alitukana," Shadia akasema.

"Sasa niambie. Mtu aliyeiba kazi kwenye kitabu cha Ulaya angelijuaje shimo hili? Vitabu vya Ulaya havina shimo hili. Nimekaa hapa mlangoni, mgongo kwako kama ulivyoniamuru, sijaona kioo, na nimejua umeangukia wapi. Nimejua kwa sababu nilishaangukia humo. Na unaniambia sisi tunabeba vya watu!"

Sikuwa na adabu, najua. Nilikuwa namnyooshea rais wa jopo kidole. Ntabaza alivua miwani.

"Maman Shadia," akasema kwa sauti ndogo. "Tia tano."

Shadia alifuta kumi na moja, akatia tano, akafinya. Tulingoja. Kisha jedwali likaanza kushuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari, na kila mstari ni mara moja ambayo darubini ililitazama wingu lile: tarehe, chombo kilichotumika, muda wa kupiga. Iliendelea kushuka. Shadia alisogeza ukurasa chini na bado ilikuwapo mingine. Ntabaza alifungua kitabu changu kwenye kurasa za katikati, akaanza kulinganisha. Alipata mstari wangu wa kwanza. Alipata wa pili. Bila kuombwa, akachukua kipanya mwenyewe, akakichezesha vibaya kama mzee yeyote, akabonyeza kuona picha.

Picha ilishuka kutoka juu, utepe baada ya utepe. Kwanza giza, kisha wekundu, kisha lile wingu lenyewe limefumuka, na ndani yake nyota ndogo zimezingirwa na vumbi. Juni Orioni huwezi kuiona kwa macho. Inapita juu ya vichwa vyetu mchana pamoja na jua, na ilikuwa juu yetu saa ile ile, juu ya bati la Shadia na juu ya daraja na magodoro. Mbarushimana alikuwa ameingia ndani kabisa, amesimama nyuma ya viti, mdomo wazi.

"Kifundo chako kiko wapi?" Ntabaza akauliza, kwa Kifaransa sasa.

Basi nikatetea. Nilitetea nimesimama, kwa Kifaransa, huku jenereta ya jirani ikinguruma kwa kuwa umeme ulikatika kwao na siyo kwetu. Aliniuliza maswali magumu. Aliuliza nimejuaje kuwa picha mbili zimekaa sawasawa moja juu ya nyingine, nikamwonyesha nyota nilizozitumia kama misumari. Aliuliza kosa la kipimo, nikampa. Aliuliza moja ambalo sikulijua, nikasema silijui. Muderhwa sasa alikuwa amepata sauti yake na anauliza ya kwake, akijidai mkali. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu, na mimi nimezaa.

Mwishoni Ntabaza alitoa mfukoni karatasi ya ripoti ya jopo. Aliandika polepole. Nilisimama pembeni yake, na safari hii hakunifukuza. Kwenye alama aliandika: Distinction, daraja moja juu ya satisfaction. Niliisoma mara mbili. Kisha kalamu ikasimama juu ya mstari mwingine, wa uraia.

"Nationalité," akasema. Alishusha pumzi. "Mu dossier yako ya 1991, papa yako aliandika Zaïroise. Naandika tu Congolaise, kama ile ya zamani. Ni dossier ya chuo, si miye."

Ni kweli. Baba aliandika hivyo, kama baba wote wa Kinyarwanda wa Bukavu walivyoandika ili mtoto apate kiti chuoni. Simlaumu, Mungu amrehemu.

"Andika Mnyarwanda," nikasema.

Aliweka kalamu chini.

"Béata." Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja jina. "Sikiliza. Miye nitarudi Bukavu. Nitaingia mu chuo na hii karatasi. Bataniuliza: hii wiki yenye balikuvunjia nyumba, weye ulikuwa kule kwabo unagawa diplome kwa Banyarwanda? Batasema balininunua. Banaweza kuniua, unasikia? Tia Congolaise, na hakuna muntu ataangalia. Kama hutaki, siwezi kusinya jina yangu. Kweli kabisa, siwezi."

Hakuwa ananitisha. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Muderhwa alinishika mkono. "Béata, kubali," akasema. "Ni neno moja tu."

Nilitazama ile karatasi. Kila kitu kilikuwepo: jina langu, kichwa cha kazi, Distinction. Darasa langu lilikuwemo humo. Na ni neno moja, Muderhwa hakukosea. Lakini wazazi wangu walikuwa wameniazimia neno hilo miaka yote, na kila mara nilipolitumia mtu alikuja kunikumbusha kuwa si langu. Nilikuwa nimekwisha kukataa kashe ya uongo. Nilikuwa nimekwisha kukataa kuchana kurasa. Nilichoka kupewa vitu vyangu kwa sharti la kujificha ndani yake.

"Andika Mnyarwanda, mzaliwa wa Kadutu," nikasema. "Yote mawili, maana yote mawili ni kweli. Au acha. Nitakwenda kufundisha watoto wa msingi kuhesabu, na nitawafundisha saa zote mbili."

Nilidhani nimekwisha.

Ntabaza aliinuka, akaenda mlangoni, pale pale nilipokuwa nimekaa. Kutoka hapo, kama hakuna lori, unaona vilima vya ng'ambo. Alisimama na koti lake fupi, mikono imetokeza. Hatukujua kama anaondoka. Muderhwa alianza kusema kitu, Shadia akamwashiria anyamaze.

Alirudi, akaketi, akashika kalamu. Hakuandika bado.

"Na bakiniuliza," akasema, "nibaambie nini?"

"Waambie watafute wenyewe."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akainama akaandika, Rwandaise, née à Kadutu, kwa herufi kubwa kuliko zote za kwenye ukurasa, na akasaini.